Rejista ya Mama Auma

Ni mimi niliyeifuta rejista. Haikuwa radi. Kwa karibu miaka thelathini nimesema ilikuwa radi, na nimesema vizuri, kwa vituo na vichekesho, katika kumbi za hoteli, mbele ya watu wenye beji shingoni waliokuja kusikiliza jinsi kompyuta zilivyofika mashambani. Hadithi yangu huwa fupi: msichana wa miaka ishirini na minne, shamba la chai, mfumo wa zamani na mfumo mpya, wakubwa wasiojua wachague upi, halafu mvua ya mawe ya Kericho inakuja na radi yake na kuamua kwa niaba ya wote. Hapo watu hucheka. Mimi hungoja wamalize, nakunywa maji, naendelea. Leo naandika nikiwa na hasira, na heri nikiri mapema kwamba hasira yenyewe haina mpangilio. Namkasirikia meneja wangu wa wakati ule. Nawakasirikia wale waliocheka. Najikasirikia mimi, bila shaka, ingawa hiyo ni hasira rahisi na nimeizoea. Na kuna saa, Mungu anisamehe, namkasirikia hata marehemu kwa sababu alikuwa akinilisha.

Marehemu ni Mama Auma. Wiki iliyopita binti yake, Auma mwenyewe, alinitumia wasifu wa mama yake utakaosomwa mazishini, akaniomba niunyooshe Kiswahili kwa kuwa "wewe ni mwandishi na mlifanya kazi pamoja." Ni kurasa mbili: shule, ndoa, kanisa, watoto, wajukuu. Katikati kuna sentensi hii: "Mwaka wa 1996 aliachishwa kazi baada ya radi kuharibu kompyuta aliyokuwa akiitunza." Nimeshanyoosha kila sentensi isipokuwa hiyo. Haihitaji kunyooshwa, imenyooka tangu zamani, nami ndiye niliyeitunga.

Shamba lilikuwa njia ya kwenda Mogogosiek. Jina lake sitalitaja, kuna watu bado wanapata riziki yao pale. Nilifika mwezi wa pili nikiwa na digrii mpya na sketi mbili za ofisi, nikapelekwa chumba cha kompyuta, ambacho zamani kilikuwa stoo ya gambuti na aproni za wachumaji. Harufu ya mpira haikuwahi kutoka. Dirisha lilikuwa moja, lenye waya, na ukilichungulia uliona chai, halafu chai, halafu bomba la moshi la kiwanda, halafu chai tena. Viatu viliachwa mlangoni, kwa sababu fundi fulani aliyepita alisema vumbi ni adui wa kompyuta, na tangu siku hiyo hata meneja alivua gambuti akaingia kwa soksi. Mashine ilifunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni, kama redio ya sebuleni. Ukuta uliotutenga na ofisi ya meneja ulikuwa wa mbao nyembamba kiasi kwamba alipofungua droo sisi tulijua ni droo gani.

Mama Auma alikuwa karani wa rejista ya wafanyakazi. Alitoka upande wa ziwa, aliletwa pale na kazi ya mumewe, mume akafa, yeye akabaki na taipureta, kisha na kompyuta, na nyumba ya kampuni iliyokuja pamoja na cheo, nyuma ya zahanati. Rejista yake ilikuwa na jina la kila mchumaji, tarehe aliyoajiriwa, nambari ya nyumba yake, majina ya watoto, na jina la mtu wa kuitwa akiumia. Yote hayo yalikaa ndani ya mfumo wa Dosi. Vijana wa leo hawajaiona Dosi: skrini nyeusi, herufi za kijani, hakuna picha, hakuna kipanya. Unaandika amri, nayo inatii au inakukatalia kwa neno moja baya. Mama Auma aliziandika amri zote kwenye daftari la shule lenye jalada la kahawia, nusu kwa Kijaluo nusu kwa Kiswahili, na kila Ijumaa alinakili rejista nzima kwenye disketi, akaandika tarehe kwa wino, akazitia ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Pia alikuwa na jukumu moja lililobandikwa ukutani kwa jina lake: mawingu yakijikusanya, chomoa nyaya zote. Kwetu mvua ya mawe huja alasiri, na radi yake haibishi hodi. Nimemwona mama yule akikatiza sala ya chakula ili akachomoe.

Chakula tulikula wawili humo humo, magazeti yakiwa yametandazwa juu ya meza. Yeye alileta omena za nyanya na ugali wa wimbi, mimi nilileta mursik, maziwa yetu ya mgando, ndani ya chupa ya soda. Siku ya kwanza nilifungua dirisha kwa sababu ya harufu ya omena. Alinitazama, akatazama chupa yangu, akasema, "Nyinyi mnatia makaa kwa maziwa, halafu ni samaki yangu inanuka?" Kisha akanisogezea sahani. "Kula, nyathina. Umekonda kama spoku ya baiskeli." Nyathina, kwa Kijaluo, maana yake "mtoto wangu." Nilikula sahani ile kwa miezi saba, na katika miezi hiyo saba sikumwuliza swali moja la maana kuhusu kazi yake. Nilikuwa nimesoma. Sikuona kuna kitu cha kuuliza.

Mwezi wa tano meneja wetu, Bwana Rotich, aliletewa kompyuta mpya yenye Windows. Yeye aliitumia kucheza karata peke yake. Tulizisikia zikipangwa kupitia ukutani, tiki, tiki, tiki. Mimi niliiona kama wokovu. Nilikuwa nimeitumia chuo kikuu kwa muhula mmoja, na muhula mmoja unatosha kumharibu mtu. Nilianza kampeni. Niliandika barua rasmi yenye vichwa vya habari. Nilimwambia Bwana Rotich kwamba Dosi imekufa, kwamba dunia nzima imehama na sisi tu tumebaki, kwamba rejista iletwe kwenye Windows haraka. Mama Auma hakunipinga. Alisema tu, "Si ziwekwe zote mbili? Wake wenza hukaa boma moja. Hii yangu ipike, hiyo yako ijipake mafuta." Bwana Rotich alicheka hadi akakohoa. Mimi nilinuna siku mbili.

Ndipo Bwana Rotich akatoa amri ya mashindano. Alikuwa mtu wa riadha, aliamini kila jambo lina mstari wa kumalizia. Nilipewa wiki moja niingize majina ya mstari mmoja wa nyumba kwenye ile kompyuta yake mpya. Mama Auma angekaa na rejista yake kamili. Jumatatu tukakusanyika, mimi mezani kwa meneja, Mama Auma chumbani mwetu, mlango katikati ukiwa wazi, na mpishi wa chai ya ofisini akasimama kizingitini kwa soksi kama refa. Bwana Rotich akataja jina la mchumaji mmoja wa Merigi, mstari ule wa nyumba niliouingiza. Mimi nikashika kipanya. Kwenye skrini yangu kile kisaa cha mchanga kikageuka, kikageuka tena. Nikasikia vidole vya Mama Auma, kama mawe madogo juu ya mabati, halafu sauti yake, bila haraka: "Nyumba ya kumi na nne, watoto watatu, mtu wake ni kaka yake, yuko kiwandani." Kisaa changu kilikuwa bado kinageuka. "Na wewe, Chelangat," Bwana Rotich akaniuliza, "hiyo yako imeenda choo kwanza?" Tulirudia mara tano. Mara ya nne Windows ikaganda kabisa na ikabidi nizime mashine mbele ya watu wote.

Uamuzi ulikuwa wazi: Dosi ibaki mpaka mwaka ujao, kisha tuone. Ningeuvumilia huo. Nisichovumilia ni nilichosikia mchana ule ule kupitia mbao, Bwana Rotich akimwambia msaidizi wake kwa Kipsigis, kwa upole kabisa, "Huyu msichana chuo kimempa mdomo tu. Mikono bado." Nilikuwa nimeketi na omena kinywani. Mama Auma hakujua Kipsigis kingi, lakini aliona uso wangu, akauliza, "Wamesema nini?" Nikamwambia wanazungumza juu ya mbolea.

Basi Alhamisi ya wiki hiyo, Mama Auma alipokwenda zahanati kuchukua dawa zake za presha saa saba mchana, niliketi mbele ya mashine yake na sanduku la disketi za Windows. Mpango ulikuwa kwamba atakaporudi kila kitu kiwe kimekwisha, rejista ikiwa ndani ya nyumba mpya, na hapo hakuna atakayelinganisha tena kwa sababu hakutakuwa na cha kulinganisha nacho. Mashine haikuwa na nafasi ya kutosha. Ningeweza kuacha. Niliamua kufomati, yaani kuipangusa diski yote iwe tupu, kisha niirudishe rejista juu yake. Nilijua lazima ninakili kwanza. Disketi tupu hazikuwepo. Ombi letu lilikuwa limelala Nairobi tangu Pasaka. Nikafungua kopo la mafuta, nikachukua disketi za Ijumaa, nikazifuta moja baada ya nyingine, na juu yake nikanakili folda iliyoitwa REJISTA. Nakumbuka nilikuwa nikipiga mluzi. Kisha nikafomati.

Folda ile ilikuwa na programu tupu. Majina ya watu yalikaa kwenye folda nyingine kabisa, iliyopewa jina la karani aliyemtangulia Mama Auma, na habari hiyo ilikuwa ukurasa wa kwanza wa daftari la kahawia, imepigiwa mstari mara mbili. Daftari lilikuwa mezani. Kiwiko changu kilikuwa juu yake tangu nilipoketi. Nililifungua nikiwa na disketi ya saba ya Windows mkononi, kwa sababu ya wasiwasi mdogo tu ulioniingia, na nikasoma mstari ule. Hakuna amri ya kurudisha niliyoijua. Pengine ilikuwepo. Mtu wa kuuliza alikuwa zahanati.

Mawingu yakaja. Mvua ya mawe ilianza upande wa kiwanda, unaisikia kwanza juu ya mabati ya mbali, halafu inakimbia kukujia. Nikamwona Mama Auma kupitia waya wa dirisha akija mbio kutoka zahanati, kanga kichwani, mawe yakimpiga mabega, mwanamke wa miaka hamsini na kitu mwenye presha, akija kuchomoa. Aliingia na viatu vyake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akainama moja kwa moja kwenye soketi. Nikamshika mkono. "Acha, Mama. Iko katikati." Akatazama skrini, akaona si nyeusi tena. "Unaweka hiyo kitu yako?" akauliza. "Chelangat. Rejista iko wapi?" Nikasema iko salama, atoke tu, asiguse. Katika kumbi za hoteli sehemu hii haimo kabisa. Na hili halikuwa kosa la ujana wala haraka: nilikuwa nimeshausoma ule mstari. Sikuuzuia mkono wake ili Windows imalize. Niliuzuia kwa sababu nilikuwa nimeanza kuisikiliza ile mvua kwa matumaini.

Radi ilipiga mti wa nyuma ya ofisi. Balbu ikapasuka, simu ikalia mlio mmoja mfupi bila mtu kupiga, na kutoka nyuma ya mashine ukatoka uzi wa moshi wenye harufu ya kucha zilizoungua. Mama Auma alikaa sakafuni. Mimi nilihisi ahueni, na hata leo sijapata jina jingine la kuupa ule mpigo wa moyo.

Kesho yake asubuhi tulisimama mbele ya Bwana Rotich. Mama Auma alieleza mambo kama yalivyokuwa, kwa mpangilio, na bila kunitupia neno baya. Alisema alikuja, alizuiwa, aliona Windows. Bwana Rotich akanigeukia. Nikasema nilikuwa nikisafisha faili kidogo tu, na sikumwona Mama Auma chumbani mpaka radi ilipokwisha kupiga. Nilisema kwa Kiswahili fasaha. Mama Auma alikuwa anasema "hiyo mawe ilinipiga" na mimi nasema "mvua iliponyesha," na naamini mpaka leo kwamba sarufi yangu ilifanya nusu ya kazi. Kopo la mafuta likafunguliwa, disketi zikajaribiwa kwenye kompyuta ya meneja, majina hayakuwemo. Basi akawa pia mwongo: miaka yote anasema ananakili, hanakili. Aliziangalia zile disketi kwa muda mrefu, mwandiko wake mwenyewe, kisha akaniangalia mimi. Akajua.

Jioni hiyo nilisikia uamuzi kupitia ukutani. "Msichana ni mtoto wetu," Bwana Rotich alimwambia msaidizi wake, "na ana digrii. Yule mama ana kwao." Ana kwao: baada ya miaka kumi na saba. "Lakini tufuate haki," akaongeza, na hapo ndipo hasira yangu kwake hukaa mpaka leo, kwa sababu aliamini anafuata. "Mashine na kopo viende kwa fundi wa Nakuru. Akisema ni radi, mama hakuchomoa, aondoke na nyumba airudishe. Akisema ni mkono wa mtu, msichana aondoke."

Tulingoja siku tano. Mama Auma aliambiwa akae nyumbani, lakini siku ya tatu saa ya chakula alikuja mpaka mlangoni, akavua viatu, akaweka sahani yake iliyofunikwa juu ya meza tupu. "Hata kama tumekosana, mtu hawezi kukula mandazi wiki nzima," akasema. Nilitazama sahani. "Sema tu, nyathina. Wewe watakuchapa mdomo siku moja, halafu utapata kazi ingine, uko na karatasi. Mimi niko na hii nyumba na Auma yuko Form Three." Nikasema sielewi anachozungumzia. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu dukani na hana, akavaa viatu vyake akaenda. Omena nilizila. Nataka liwemo katika maandishi kwamba nilizila zote.

Wamenisifu kwa yaliyofuata. Rejista niliiandika upya ndani ya Windows kutoka kwenye kadi za zamani zilizoliwa na panya, miezi minne, na wachumaji ambao kadi zao zilikuwa zimeharibika nikawapa tarehe za kuajiriwa kwa kukisia. Makao makuu wakaandika barua ya pongezi, wakanihamisha Nairobi, na kutoka hapo nikapanda. Mama Auma alihamia Sondu, akafungua kibanda cha kushona sare. Auma alikatiza shule mwaka mmoja, akarudi, akamaliza, kwenye wasifu ameandika "baada ya changamoto kidogo." Nilipita Sondu mara nyingi nikienda Kisumu. Nilijua kibanda ni kipi. Sikumwambia dereva asimame hata mara moja.

Kila mahali nilipoieleza hadithi hii niliishia kwenye radi, kwa sababu radi ni mwisho mzuri. Mwisho wenyewe ulikuwa Jumatano saa nne asubuhi, mimi nikiwa nimewekwa ofisini kwa meneja nichunge simu, yeye akiwa kwenye vitalu vya miche. Simu ikalia. Ilikuwa Njoroge, fundi wa Nakuru, sauti ya kijana mchangamfu, na nyuma yake redio.

"Rotich yuko?"

"Ametoka. Niambie mimi, niko na kalamu."

"Sawa. Power supply imeungua, hiyo ni radi kweli. Lakini hard disk ni nzima, haina hata mkwaruzo. Imefomatiwa. Mtu ameifomati, ameanza kuweka Windows, amefika disketi ya saba. Hata saa iko humu, saa nane na nusu mchana. Mvua yenu ilikuja saa ngapi?"

"Saa tisa," nikasema.

"Basi. Radi haijui kufomati." Akacheka. "Na hizo disketi za kwenye kopo zimefutwa siku hiyo hiyo, lisaa limoja kabla. Data hamtapata, pole. Nipige tena nimwelezee Rotich mwenyewe?"

"Hapana. Nitamwandikia, anasoma akirudi."

Nikavuta kitabu cha ujumbe, nikaandika: Fundi wa Nakuru amepiga. Radi imeunguza mashine. Data haipatikani. Kila neno lilikuwa kweli, na nikaweka sahihi yangu chini.

"Uko hapo?" Njoroge akauliza. "Huyo mama aliyeandika tarehe kwa hizo disketi, ako hapo ofisini?"

"Ako nyumbani."

"Mwambie asijilaumu. Hakukosa Ijumaa hata moja."

Nikasema nitamwambia.